Makaburi ya Koo Yapimwe Mapema

Mwezi Oktoba mwaka 2014, mwili wa Profesa Ali Mazrui uliletwa kutoka Marekani, ukazikwa Mombasa katika makaburi ya ukoo wake, karibu na Fort Jesus. Uwanja huo ni mdogo, lakini waliolala humo ni wa ukoo ulioitawala Mombasa hadi mwaka 1837, aliponyakua mji Seyyid Said, Sultani wa Oman na Unguja. Baadhi ya wakuu wa ukoo walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena. Wengine walihamia Gasi na Takaungu. Mbaruk bin Rashid wa Gasi, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, alifia uhamishoni Dar es Salaam mwaka 1910. Kwa hivyo hata kaburi lisilokuwepo uwanjani humo lina habari ya kueleza.

Wamazrui wana bahati. Sheikh Al-Amin bin Ali, aliyefariki mwaka 1947, aliandika tarehe ya ukoo wake kwa Kiarabu, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa mwaka 1995. Je, ni koo ngapi za pwani yetu zenye kitabu kama hicho? Zilizo nyingi hazina hata daftari. Zina kiwanja kando ya msikiti au katikati ya minazi, kisicho na hatimiliki, na mzee mmoja au wawili wanaojua nani kalazwa wapi. Mzee huyo akifariki, jiwe lisilo na jina hubaki jiwe tu, na mwenye tamaa ya ardhi huja na ramani yake.

Kazi tunayoihimiza haihitaji fedha nyingi. Kwanza mpaka wa kiwanja upimwe na mpima ardhi aliyesajiliwa. Kisha kila kaburi lipewe nambari kwenye ramani, lipigwe picha, na urefu na upana wake uandikwe. Maandishi yaliyolika yasomwe asubuhi mapema au jioni, jua linapopiga kwa upande na kukoleza kivuli cha herufi. Yasisuguliwe kwa brashi ya chuma wala kumwagiwa dawa, kwani chokaa na matumbawe havistahimili mambo hayo. Mwaka wa Hijria unukuliwe kama ulivyo kabla ya kugeuzwa, maana ni mfupi kwa siku kama kumi na moja na aghalabu huangukia miaka miwili ya Miladia. Tarehe moja tu yaweza kuwa na faida kubwa: kaburi la Gede lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, limewasaidia wataalamu kukadiria umri wa majengo mengine ya mji ule. Na pasipo maandishi, wazee waulizwe, wanawake pia, ambao mara nyingi ndio wenye kuhifadhi nasaba za mama na bibi.

Wako watakaopinga, wakisema dini haipendi makaburi yajengewe wala kuandikwa. Twaiheshimu hoja hiyo, na kwa hakika inatuunga mkono: daftari halijengi kitu juu ya kaburi. Wengine wanahofu kwamba kuandikishwa ndio mwanzo wa kunyang'anywa. Hofu hiyo haikuzuka bure, katika pwani ambako watu wengi wameishi vizazi kadhaa bila hati ya ardhi. Ndiyo sababu kazi iongozwe na wenye makaburi wenyewe, na asiyetaka habari zake zitangazwe asilazimishwe.

Makumbusho ya Taifa yana mamlaka ya kuhifadhi turathi chini ya sheria ya mwaka 2006. Yawape watu wa koo hizo mtaalamu wa kuwafundisha, na serikali za kaunti zilipe gharama za mpima ardhi. Nakala moja ya daftari ikae kwa ukoo, ya pili Makumbusho, na ya tatu katika ofisi ya ardhi, ili atakayeomba kiwanja hicho aikute faili imekwisha kufunguliwa.