Wewe ndiye daktari, waniuliza mimi?

Mwezi huu safu hii ilikuwa izungumzie ngeli, kama nilivyoahidi, na waliokwisha kuniletea maswali yao wanisamehe. Ngeli hazikimbii. Dada yangu ana mtihani wiki tatu zijazo, na klabu yetu imeshaingizwa humo, kwa hiyo ni haki mjue kwa nini kila Jumatano baada ya darasa la mazungumzo kuna mtu anakohoa kwa makusudi katika chumba cha pili.

Nikisema dada, ni binti wa mama yangu mkubwa, lakini kwetu Tanga hatufanyi hesabu hizo. Alisomea udaktari Muhimbili miaka mitano, akamaliza mwaka wa utarajali, akapelekwa hospitali ya wilaya ambako zamu moja ilimtaka azalishe, ashone majeraha na atibu malaria ya mtoto kabla jua halijatoka. Kisha akaja huku. Alifanya mtihani wa PLAB, ambao sehemu yake ya pili hufanyika Manchester: vyumba 16, dakika 8 kila kimoja, na ndani watu wanaolipwa kujifanya wagonjwa. Akapita. Akafanya kazi wodini, akaomba nafasi ya mafunzo ya ujipii, akapata. Sasa yumo mwaka wa tatu na wa mwisho, katika kliniki moja ya mtaa mashariki mwa London.

Hapo kwenye neno jipii ndipo ugomvi na nyumbani ulipoanza.

Kwa wageni wa mji huu: hapa kila mtu huandikishwa kliniki ya mtaani kwake. Ukiumwa sikio, goti au roho, unaanzia kwa jipii, na daktari wa hospitali kwa kawaida humwoni mpaka jipii akuandikie barua. Kazi hiyo ina mafunzo yake. Aliyesomea hapa hapa hukaa chuo cha udaktari miaka 5 au 6, kisha miaka 2 ya msingi hospitalini, kisha miaka 3 ya ujipii. Hiyo ni miaka kumi, na hajafeli kitu. Sasa hebu jaribu kumweleza mama mkubwa. Kwetu ngazi zinajulikana: kuna daktari wa kawaida, halafu kuna daktari bingwa. Bingwa wa moyo, bingwa wa mifupa, bingwa wa macho. Anayetibu kila kitu ni yule ambaye hajarudi shule. Mama mkubwa alisikiliza maelezo yote kwenye simu, akauliza kwa upole kabisa, "Yaani mwanangu umekwenda Ulaya kusomea udaktari wa kawaida?"

Dada alicheka. Baadaye aliniambia hakuwa anacheka.

Tatizo ni jina, nami kama mwanafunzi wa lugha najisikia kuwa na deni. "Daktari wa jumla" linanukia duka la unga na sukari. Wanaosomea fani hiyo kwetu huitwa madaktari wa familia. Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kuwafundisha mwaka 2005, na Aga Khan wanayo mafunzo hayo Dar es Salaam. Mimi naunga mkono jina hilo, ingawa kwa masikio ya mama mkubwa daktari wa familia ni yule anayekwenda nyumbani kwa matajiri. Mwenye neno bora alete.

Turudi kwenye mtihani. Unaitwa SCA, na ulianza Novemba 2023. Mtahiniwa hukaa kliniki mbele ya kompyuta, na wagonjwa 12 wa kuigiza humjia mmoja mmoja kwa video au kwa sauti tupu, dakika 12 kila mmoja, na dakika 3 katikati za kusoma faili la anayefuata. Anapimwa kwa mambo matatu: alivyouliza na alichogundua, tiba aliyopanga, na alivyohusiana na mtu aliye mbele yake. Dada alifeli mara ya kwanza. Alama zilizomwangusha hazikuwa za dawa. Nafasi za kurudia kwa kawaida ni nne tu kwa jumla, mafunzo yake yanaisha Agosti, na kibali chake cha kukaa nchini kimefungamana na kazi. Ndiyo maana aliponiuliza kama klabu yetu ina watu wanaojua kuigiza, sikumwambia ukweli. Nilisema wapo tele.

Jumatano ya kwanza mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, mtu wa Leeds, alikuwa mzee wa miaka 68 anayekohoa kwa wiki ya nne. Dada aliuliza: tangu lini, kuna damu, umepungua uzito, unavuta sigara? Akaagiza picha ya kifua, akaeleza kwa nini, akaaga. Dakika tano na nusu. Kule wilayani, watu wamejaa kwenye benchi mpaka nje chini ya mwembe, dakika tano na nusu ni anasa. Lakini kwenye kadi nilikuwa nimeandika kwamba kaka wa mzee huyu alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka jana, na kwamba hatasema asipoulizwa. Hakuulizwa. Aliondoka nayo.

"Nimekosa wapi?" dada akasema. "Picha si nimeagiza?"

Ameagiza, ndiyo. Alichokosa ni maswali matatu ambayo kila mwanafunzi wa ujipii hapa hufundishwa: mgonjwa mwenyewe anadhani ni nini, anahofia nini, na alitarajia afanyiwe nini. Dada anayajua kwa moyo. Shida ni kwamba akiyauliza, anayauliza kama polisi wa barabarani, moja, mbili, tatu, kwa sababu moyoni haamini kama ni maswali. Kwetu ukimwuliza mgonjwa "wewe unadhani una nini?" atakutazama, atakusanya mkoba wake. Wewe ndiye daktari, waniuliza mimi? Kama nilikuwa najua ningekuja kupanga foleni?

Jumatano ya pili tulichoka na Kiingereza. Nikasema basi leo mimi ni mama yako, niulize kwa Kiswahili. Nikakaa, nikashika tumbo. Aliamkia, akauliza hali, akasikiliza, na kisha, bila kufikiri, akasema: "Na nyumbani wanasemaje?"

Nikamwaga yote. Kwamba jirani anasema ni chango. Kwamba wifi yangu anasema ni presha imeshuka. Kwamba mume wangu anasema ninazidisha pilipili, lakini mimi nikilala usiku namkumbuka marehemu dada yangu, naye alianza hivi hivi. Sikuwa nimeyaandika hayo popote. Tukatazamana. Mgonjwa wa pwani hadai kuwa na nadharia yake, angekuwa mtovu wa adabu mbele ya daktari. Nyumbani ndiko kwenye nadharia, yeye anazileta tu kama mjumbe. Tukaandika swali hilo ubaoni kwa Kiingereza, na wiki iliyofuata dada akalijaribu kliniki kwa wagonjwa wa kweli. Anasema linafanya kazi hata kwa wazee wa Kiingereza wanaoishi peke yao. Huwa na binti kwenye simu aliyesema kitu.

Jambo la pili tulilompa ni salamu. Tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba jibu la "hujambo" ni "sijambo", hata kama umebebwa kwenye machela. Ugonjwa huja baadaye, nyuma ya neno "ila". Sijambo, ila usiku sipati usingizi. Waingereza nao ni hivyo hivyo: husema si vibaya sana, huzungumzia goti dakika tisa, na wakishashika kitasa cha mlango hukumbuka kwamba jana kifua kiliwabana. Dada aliposikia hivyo alicheka kweli, akaandika ILA kwa herufi kubwa kwenye daftari lake.

Kuhusu kifua, hili ni la wanafunzi wa tafsiri. Kuna huduma ya wakalimani kwa simu, na mkalimani mmoja aliwahi kumtafsiria daktari neno kwa neno kwamba mgonjwa "ana kifua". Daktari akajibu kwamba ameona. Mgonjwa alitaka kusema anakohoa na kubanwa pumzi. Na asiyejua kutunza siri ndiye tunayesema hana kifua, kwa hiyo nimebadilisha kila kitu katika hadithi hii isipokuwa sentensi.

Msidhani jambo la waliosomea nje kuanguka mtihani huu ni geni. Mtihani uliotangulia ulifikishwa Mahakama Kuu ya London mwaka 2014 na chama cha madaktari wenye asili ya India, kwa sababu waliosoma ng'ambo walikuwa wakifeli kwa kiwango kikubwa kuliko wa hapa. Jaji aliamua mtihani ni halali, lakini akasema Royal College of General Practitioners, wenye mtihani, wana kazi ya kufanya. Nimesoma mabishano hayo mpaka usiku. Sidhani kama lugha inaeleza yote. Sidhani pia kama daktari aliyezalisha wanawake kwa mwanga wa simu hajui kuhusiana na mtu.

Basi, zimebaki Jumatano tatu. Tunahitaji wagonjwa wanne kila jioni, na hasa mmoja mkorofi, maana nyote mnamwonea haya daktari na mnakubali kila dawa. Kadi ninaandika mimi. Chai na maandazi vipo. Dada ameniomba niwaambie kwamba atakayekuja na ugonjwa wa kweli amwone jipii wake.