Bima ya afya: Kinga mtaji, usikinge Panadol

WAFANYABIASHARA wa mwambao wana msemo wa zamani kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu huutumia kwa mauzo na madeni. Lakini yupo mdai mmoja ambaye wengi wetu hatumwandiki daftarini, ingawa siku akija hudai kuliko wote kwa mkupuo mmoja. Mdai huyo ni maradhi.

Pita soko la samaki Bagamoyo, au maduka ya Kerege na Mapinga, uulize habari za biashara zilizofungwa. Utatajiwa bei mbaya na utatajiwa kodi. Lakini ukikaa kitako utasikia pia habari za mguu uliovunjika kwenye bodaboda, mama mzazi aliyefanyiwa upasuaji, au mtoto aliyelazwa wiki tatu mjini Dar es Salaam. Mtaji uliojengwa kwa miaka kumi huondoka kwa siku kumi.

Kwa sababu hiyo safu hii inaunga mkono bima ya afya. Tatizo letu wiki hii ni jinsi tunavyoichagua. Wengi tunanunua kwa kuangalia bei na rangi ya kadi, na matokeo yake tunalipia vitu vidogo ambavyo tungeweza kuvimudu wenyewe, huku lile kubwa la kutufilisi likibaki bila kinga.

Ninasema hivyo kwa machungu. Mama yangu mdogo hununua mananasi Kiwangwa na kuyauza Dar es Salaam. Alikata bima kwa wakala aliyemfuata sokoni. Miezi saba baadaye aligundulika kuwa na uvimbe kwenye kizazi unaohitaji upasuaji. Hospitali ilipoomba kibali, kampuni ilijibu kuwa upasuaji wa aina hiyo una muda wa kusubiri wa miezi 12. Aliuza kirikuu chake ili alipe. Kampuni haikuvunja mkataba, maana sharti hilo lilikuwa limeandikwa humo. Kosa ni kwamba hakuna mtu katika ukoo aliyeusoma, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi niliyehitimu masomo ya biashara.

Ni vizuri kukumbuka kwamba uchaguzi huu kwetu bado ni mgeni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya bima ilibaki mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa, na mwaka 1977 sheria ilizuia utoaji wa tiba kwa ajili ya faida. Mlango wa hospitali binafsi ulifunguliwa tena mwaka 1991, kuchangia gharama katika hospitali za serikali kukaanza 1993, na Sheria ya Bima ya 1996 ikaruhusu kampuni binafsi kuingia sokoni. Wazazi wetu hawakuwa na haja ya kulinganisha mikataba, kwa hiyo hawakuturithisha ujuzi huo. Tunajifunza wenyewe, na ada ya shule tunailipa hospitalini.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme mwenye duka la nyavu na vifaa vya uvuvi ana mke, watoto watatu na mtaji wa shilingi 8,000,000. Katika mwaka wa kawaida familia yake huenda hospitali mara kumi bila kulazwa, kwa wastani wa shilingi 35,000 kila safari. Jumla ni shilingi 350,000.

Ameletewa mikataba miwili. Wa kwanza unalipia kulazwa na upasuaji tu, hadi shilingi 15,000,000 kwa mwaka, na ada yake ni shilingi 700,000. Wa pili unalipia hayo hayo pamoja na matibabu ya nje hadi shilingi 1,500,000, na ada yake ni shilingi 1,600,000. Tofauti ya ada ni shilingi 900,000. Yaani anaombwa alipe 900,000 ili kukwepa gharama ya 350,000. Hata mwaka huo ukiwa mbaya na safari zikawa ishirini, atakuwa ametumia 700,000, na mkataba wa kwanza bado utakuwa nafuu kwake. Busara ni kuchukua ule wa kwanza, kisha kutenga fedha za vipimo vya malaria na dawa za kikohozi kwenye akiba yake mwenyewe.

Sasa tubadilishe jambo moja. Tuseme mkewe ana kisukari na shinikizo la damu, na dawa pamoja na vipimo hula shilingi 90,000 kila mwezi. Hizo ni 1,080,000 kwa mwaka. Ukijumlisha na zile 350,000 unapata 1,430,000. Hapo mkataba wa pili unamfaa, ila kwa sharti moja: uwe unalipia maradhi sugu tangu mwaka wa kwanza. Kama hauyalipii, atakuwa amenunua mwavuli wenye tundu pale pale panapovuja.

Kanuni basi ni rahisi. Kata bima kwa ajili ya lile usiloweza kulipa bila kuuza chombo cha kazi. Yale madogo yawekee akiba. Na kabla ya kumwita wakala, fungua daftari uandike familia yako ilitumia kiasi gani mwaka uliopita, kwa ugonjwa gani na katika hospitali ipi. Asiye na hesabu hiyo atauziwa kinachomfaa muuzaji.

Jambo la pili ni orodha ya hospitali, na hapa watu wa pwani ya kaskazini tuwe macho zaidi kuliko wenzetu wa Kinondoni. Wakala atakuonyesha orodha ndefu ya hospitali zinazopokea kadi. Chukua kalamu uchore mstari Bunju, kisha uhesabu zilizobaki kaskazini ya mstari huo: Mapinga, Kerege, Zinga, Bagamoyo mjini, na kuendelea hadi Msata na Chalinze. Ukibaki na zahanati moja, kadi yako ni ya Dar es Salaam. Kutoka Bagamoyo hadi katikati ya jiji ni kilomita zipatazo 65, na mgonjwa wa saa nane za usiku hapimi umbali kwa kilomita.

Uliza kama kadi inapokelewa katika Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo. Uliza nani analipa gari la wagonjwa. Uliza kama kwa matatizo ya mifupa au moyo utaruhusiwa kufika MOI na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na kwa utaratibu gani wa rufaa. Kama unavuka mara kwa mara kwenda Unguja kwa biashara, uliza pia kadi inakuwaje ukishafika ng'ambo.

Ieleweke kwamba thamani ya kadi iko katika makubaliano kati ya mlipaji na hospitali. Tuliliona hili Machi 2024, pale hospitali kadhaa binafsi ziliposimamisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kwa kutokubaliana na bei za kitita kipya cha mafao. Wanachama walikuwa wamekwisha kulipa michango yao, lakini kwa siku hizo kadi hazikuwafungulia milango ya hospitali hizo. Kwa hiyo usikate bima inayotegemea hospitali moja.

Tatu ni yale yasiyolipiwa. Mkataba usomwe kuanzia nyuma, kwa sababu huko ndiko vilikojificha vighairi. Tafuta muda wa kusubiri kwa kila aina ya huduma. Kwa uzazi mara nyingi hufikia miezi 9 hadi 12. Tafuta maradhi uliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Tafuta ukomo wa umri, kwa maana kampuni nyingi hazipendi kumwandikisha mtu mpya aliyekaribia miaka 60 au 65. Tafuta pia kikomo ndani ya kikomo: mkataba unaweza kutangaza shilingi 15,000,000 kwa maandishi makubwa, kisha ukasema kwa maandishi madogo kuwa uzazi ni shilingi milioni moja tu. Na uulize kama kikomo hicho ni cha kila mtu au ni cha familia nzima.

Wapo wanaosema masharti haya ni ujanja wa kampuni. Safu hii haikubali moja kwa moja. Tukumbuke yaliyoipata Toto Afya Kadi ya NHIF. Kwa shilingi 50,400 mtoto alitibiwa mwaka mzima, na ilikuwa neema kubwa kwa wazazi. Lakini wengi waliwaandikisha watoto baada ya kuugua, michango ikazidiwa na gharama, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Mfuko wowote unaoingiza wagonjwa peke yao utakauka, uwe wa umma au wa binafsi. Muda wa kusubiri una sababu yake. Kosa la kampuni huanza pale wakala anapouficha, na kosa letu huanza pale tunapongoja homa ndipo tutafute kadi.

Nne, usinunue ya binafsi kabla hujaangalia ya umma. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023 inakusudia kila mkazi awe na bima, kwa hiyo swali la kukata au kutokata linaelekea kupitwa na wakati. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa kuanzia 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa, ambayo kwa Pwani ni Tumbi, Kibaha. NHIF nayo ilianzisha vifurushi vya watu binafsi mwaka 2019, na imevibadili tangu hapo. Ulizia michango na mafao ya sasa ofisini kwao, kisha ulinganishe. Kwa wengi wetu, bima ya umma inaweza kuwa msingi, na ya binafsi ikawa nyongeza kwa yale ambayo msingi haufikii.

Tano, jiungeni. Mtu mmoja mbele ya kampuni ni mnunuzi wa rejareja. Watu thelathini ni wa jumla. Mikataba ya vikundi mara nyingi hupata ada nafuu, na baadhi hupokea maradhi ya zamani bila kusubiri, kwa kuwa katika kundi wazima wapo wengi kuliko wagonjwa. Wauza samaki, wakulima wa mwani wa Mlingotini, wenye hoteli ndogo za ufukweni na wafanyakazi wao, wote hawa tayari wana vikundi vya kukopeshana. Kwa nini kikundi kinachoweza kununua boti kisiweze kukaa meza moja na kampuni ya bima? Angalizo ni kwamba mweka hazina apeleke fedha kwa wakati. Ada isipofika, kadi za wote hulala.

Hilo linatupeleka kwenye tarehe. Biashara zetu zina misimu. Mwenye mananasi ana fedha wakati wa mavuno, na mvuvi hubanwa siku bahari inapochafuka. Usianze bima mwezi ambao mwakani utakukuta mkavu, maana ada itadaiwa tena tarehe ile ile, na ukiacha ikatike unaweza kurudishwa mwanzo wa foleni ya kusubiri.

Mwisho, mjue unayempa fedha. Hakikisha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwamba kampuni na wakala wana leseni. Nchi jirani ya Kenya, Resolution Insurance, kampuni iliyojulikana sana kwa bima za afya, iliwekwa chini ya msimamizi wa kisheria mwaka 2022. Jina kubwa si dhamana. Dai stakabadhi na nakala ya mkataba, si kadi peke yake. Ukidhulumiwa, andika kwanza kwa kampuni. Wasipokuridhisha, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo ilianzishwa kwa ajili ya mtu kama wewe asiye na wakili.

Wapo wazee wangu wa biashara wanaosema ni afadhali kuweka akiba kuliko kulipia ugonjwa ambao hujaugua. Hoja yao ina uzito kwa homa ya siku tatu. Kwa upasuaji wa mamilioni haina, kwa sababu ukiweka shilingi 60,000 kila mwezi utachukua zaidi ya miaka minne kufikisha milioni tatu, na maradhi hayana adabu ya kungoja hesabu ikamilike.

Bagamoyo iliwahi kuwa na tajiri aitwaye Sewa Haji, aliyefariki 1897. Aliuza bidhaa kwa misafara ya bara, akatoa mali yake kwa ajili ya hospitali hapa mjini na Dar es Salaam, na hadi leo jengo la wodi pale Muhimbili linaitwa Sewahaji. Wagonjwa wa enzi zake walimtegemea tajiri mmoja mwenye huruma. Sisi tunaweza kujichangia wenyewe, ila tuchange kwa akili. Jioni ya leo ukifunga duka, usifunge daftari. Fungua ukurasa mpya, andika juu yake neno maradhi, kisha anza hesabu.