Bibi Hakumbukwi kwa Kibao cha Barabara



Wapendwa Taifa la Mungu, katika mwezi huu wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwakumbuka na kuwaombea marehemu wetu. Miongoni mwa nia za Misa zinazoletwa parokiani, bibi hakosekani: bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, bibi aliyetulea. Ni jambo jema na la haki. Hata hivyo, juma hili tungependa kuuliza swali moja: tunapomkumbuka bibi, tunamkumbuka nani hasa? Wapo wengi wanaomwombea bibi yao bila kujua alizaliwa wapi, baba yake aliitwa nani, au ni kitu gani kilichomleta mjini.

Tuchukue mfano wa bibi mmoja ambaye jina lake hutajwa kila siku na abiria wa jiji hili. Barabara ya Bibi Titi Mohamed hupita karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, hatua chache tu kutoka Kariakoo. Tukiwauliza vijana wetu huyo bibi alikuwa nani, wengi watajibu kwamba alipigania uhuru, na hapo maelezo yao yataishia.

Bibi Titi alizaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma hadi darasa la nne, akawa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, wanawake walikuwa wachache mno ndani yake. Mwaka uliofuata yeye aliombwa awakusanye, naye akaanzia pale alipofahamika: katika vikundi vya ngoma na nyua za majirani. Inasimuliwa kwamba katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 walijiunga. Hawakuwa wasomi. Wengi walijipatia riziki kwa kuuza vitafunio au pombe ya kienyeji, na kwa kupangisha vyumba. Kwa lugha ya leo, walikuwa mabibi wa Kariakoo na Ilala.

Sehemu hiyo ya maisha yake husimuliwa kwenye sikukuu. Iliyobaki husimuliwa kwa nadra. Mwaka 1965 alishindwa uchaguzi wa ubunge huko Rufiji. Mwaka 1967 aliacha uongozi wa Umoja wa Wanawake, kwa kuwa hakukubaliana na sharti la Azimio la Arusha lililomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1969 alikamatwa, akashitakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe. Alirudi uraiani akaishi kimya kwa miaka mingi, nao waliokuwa wakimshangilia hawakuonekana tena mlangoni pake. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000.

Hatuandiki haya ili kufufua kesi. Wanahistoria na waendelee kupima haki ya hukumu ile. Sisi linatugusa jambo jingine: ni nani aliyekwenda kuketi na bibi huyu katika miaka ya ukimya? Miongoni mwao alikuwa mwanahistoria Mmarekani, hayati Susan Geiger. Katika miaka ya 1980 alikuja Dar es Salaam, akamsikiliza Bibi Titi na wanawake wenzake, kisha mwaka 1997 akatoa kitabu chake TANU Women. Mengi tunayoyajua leo juu yao tunayajua kwa sababu mgeni alivuka bahari akauliza, wakati wajukuu walikuwa chumba cha pili.

Hapa ndipo ulipo moyo wa tafakari yetu. Tuna desturi ya kumheshimu bibi akisha kufa. Tunashona sare, tunakodi maturubai, tunasoma wasifu uliotungwa usiku wa kuamkia mazishi na mtu ambaye hakuwahi kumuuliza marehemu neno. Wasifu huo husema alikuwa mcha Mungu, mkarimu na mpenda watu. Maneno hayo yanaweza kuwa ya kweli, lakini yangeweza kusomwa juu ya jeneza lolote.

Mtaa wetu ungetufundisha, kama tungetaka kufundishwa. Jina Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Maelfu walibeba mizigo na maelfu walikufa. Tumebaki na jina la kikosi, huku majina ya wengi wao yakiwa yamepotea. Je, mabibi waliotubeba sisi nao wapotee hivyo hivyo?

Lipo na jambo la nyumba. Zile nyumba za vyumba sita, zenye ukumbi katikati na ua nyuma, zinaendelea kutoweka na maghorofa kuchukua nafasi yake. Kwa bibi asiyewahi kuajiriwa, kodi ya vyumba ndiyo iliyokuwa pensheni yake, na ndiyo iliyolipa ada za wajukuu. Hatusemi kwamba kuuza nyumba ni dhambi. Tunasema kwamba kuiuza akiwa hai bila kumuuliza, kisha kumhamishia kwenye chumba cha nyuma huko pembezoni mwa mji asikokuwa na jirani wala jumuiya, ni kumzika kabla ya siku yake.

Baadhi yenu mtauliza: bibi yangu alikuwa Mwislamu, je, naweza kumwombea? Katika mji huu swali hilo ni la kila siku. Ndiyo, mwombee kwa moyo mweupe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulitufundisha kuwaheshimu Waislamu kama watu wanaomwabudu Mungu mmoja. Nasi tunajua kwamba wengi wetu tulihimizwa kwenda mafundisho ya Komunyo ya Kwanza na bibi aliyekuwa ametoka kuswali.

Mtume Paulo, alipomwandikia Timotheo, alimtaja bibi yake kwa jina: Loisi. Hakuona haya kusema kwamba imani ya kijana yule ilianzia kwa mwanamke huyo. Kwa jina hilo moja tunamkumbuka hadi leo.

Basi, wapendwa, kabla Novemba haijaisha, kila mwenye bibi aliye hai akaketi naye walau jioni moja. Amuulize jina lake kamili na la wazazi wake, alikotoka, alichouza, aliowazika, na kilichomfanya aendelee kusali. Ayaandike. Naye ambaye bibi yake amekwisha kututangulia, akamuulize mzee aliyemfahamu, kisha alete nia ya Misa yenye jina kamili. Mungu anawajua wote kwa majina. Tunaohitaji kuyajifunza ni sisi.

Tuwatakie juma lenye baraka.