Taa Nayo ni Ishara

Wapo miongoni mwetu washairi walioshikilia imani moja: kwamba roho hukaa kwenye mwezi, bahari na mnazi, na kwamba mashine huifukuza. Ukiwasoma utadhani kila taa iwashwayo humfukuza malaika. Nawaheshimu, lakini kwa hili wamekosea, na kosa lao si la ushairi peke yake.

Tulikumbuke giza la Unguja. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 tulikatikiwa na umeme utokao Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Barazani tulizisifu nyota, nami nikiwa mmoja wao. Mbingu ilipendeza kweli. Lakini pampu za maji nazo zilikuwa zimesimama. Waliosifu nyota walikuwa wameketi. Waliokwenda visimani ni wake zetu na watoto, madumu vichwani. Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na insulini haingojei beti; kila siku tulihangaika na barafu ya kuitunza. Usiku taa iliporejea, alitamka "Alhamdulillahi" kabla yetu sote. Neno lile moja lilikuwa na roho kuliko tungo zangu zote za miezi ile mitatu.

Nitaambiwa: mwezi ni kazi ya Mungu, taa ni kazi ya mja. Na jahazi je? Na dira? Nahodha aliyetafuta bandari kwa sindano ya sumaku hatukumwita mpotevu. Sumaku ile aliiumba nani? Umeme nao haukuumbwa na fundi. Fundi ameupasulia njia tu.

Mimi ni mfasiri, si mwanachuoni. Mwalimu wangu alikuwa kamusi. Lakini neno "aya", tulilolipokea kwa Waarabu, kwao hubeba maana mbili: fungu la Kitabu, na ishara. Na ishara haijisomi; yataka msomaji. Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Adui wa roho si simu, ni mghafala. Mvuvi ajua kuwa bamvua huja mwezi uandamapo na upevukapo, na kwamba maji ya kesho yatachelewa kiasi cha dakika 50. Kijana huyapata hayo hayo kwenye simu yake. Yule aweza kuyajua kwa mazoea, moyo umelala. Huyu aweza kuyasoma akatetemeka, kwamba jiwe lililo mbali vile huivuta bahari yote hadi kizingitini kwake.

Basi wenzangu, tuache kuigawa dunia mafungu mawili, moja la kusifiwa na moja la kulaaniwa. Atakaye kuzitungia nyota, na azitungie. Ila akiandika usiku, chini ya taa, asiitukane taa imwangaziayo karatasi.