Shukrani Si Hongo: Neno kwa Wanafunzi Wangu Kabla ya Krismasi

Wapenzi wanafunzi wangu,

Muhula wa tatu unaelekea ukingoni. Magodoro yameanza kufungwa kamba, na wale wa bweni wanahesabu siku za kurejea nyumbani. Haya ni majira ambayo mwalimu hutarajiwa kuwatakia wanafunzi wake likizo njema, kisha anyamaze. Mwaka huu sitanyamaza. Nataka tuzungumze juu ya neno moja mnalolijua tangu kidato cha kwanza, neno ambalo hapa kwetu Kampala limeanza kuozea mdomoni: shukrani.

Alhamisi hii, tarehe 27 Novemba 2025, Wamarekani wanaadhimisha Sikukuu ya Shukrani. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kuwa siku ya taifa zima mwaka 1863, nchi yake ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Na mwaka 1941 sheria ikaipangia Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba. Simulizi yake hurejeshwa kwenye mavuno ya mwaka 1621 huko Plymouth, ambako walowezi kutoka Uingereza walikula pamoja na Wawampanoag, wenyeji wa nchi ile. Kumbukeni pia kwamba tangu mwaka 1970 baadhi ya wenyeji hao hukusanyika siku iyo hiyo kuomboleza, kwa kuwa walowezi waliokaribishwa ndio waliokuja kuitwaa ardhi. Hata huko, basi, swali la nani alimpa nani, na alimpa nini, halijafungwa.

Sisi hatukuichukua Alhamisi hiyo. Tulichokichukua ni siku inayoifuata, Ijumaa ya kupunguziwa bei, ambayo sasa hutangazwa katika maduka makubwa ya mjini kana kwamba tumeirithi kwa mababu. Tumeagiza Ijumaa bila Alhamisi yake. Lakini si hilo linalonikera zaidi. Anayenunua redio asiyoihitaji amejiumiza, kama ameumia, peke yake.

Kinachonikera ni sherehe ya shukrani ya kwetu wenyewe. Mnaijua. Mtu ameteuliwa kuwa waziri, au amechaguliwa kuwa mbunge, au ameidhinishwa tu kugombea. Jumamosi moja anasimamisha mahema nyumbani kwao kijijini, ng'ombe wanachinjwa, viongozi wa dini wanaalikwa, na vipaza sauti vinasikika hadi ng'ambo ya bonde. Ibada inaanza, nayo ina heshima yake. Kumshukuru Mungu ni jambo jema, nami ni mtu wa kanisani. Lakini ibada ikiisha, kipaza sauti hubadilisha mikono. Bahasha zinaanza kutajwa moja baada ya nyingine, pamoja na kiasi kilichomo na jina la aliyeileta. Kwaya inapewa, kikundi cha akina mama kinapewa, vijana wa bodaboda wanapewa. Na wanaopokea wanapiga magoti.

Nami sina mikono safi. Miaka michache iliyopita niliombwa kutayarisha wanafunzi waghani shairi katika sherehe ya namna hiyo. Nilitunga beti nane kwa mkono wangu, vina vikikaa sawasawa, mizani bila kasoro. Watoto walisimama juani tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana. Wageni walikula kwanza, katika hema lao. Zamu ya watoto ilipofika, masufuria yalikuwa yamebaki na mchuzi. Katika shairi langu nilikuwa nimesema kwamba Mheshimiwa "ametujengea madarasa". Tuliporudi, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Mwalimu, aliyajenga kwa fedha zake?" Nilimwambia apande basi. Makala haya ndiyo jibu lake, ingawa limechelewa.

Tuanze na sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Kitenzi *shukuru* kinadai watu wawili na kitu kimoja: aliyepewa, aliyetoa, na kilichotolewa. Aliyepewa hushukuru, aliyetoa hushukuriwa. Sasa tazameni sherehe yetu. Ni nani aliyepewa? Ni Mheshimiwa: amepewa kura, wadhifa, mshahara na gari. Ni nani aliyetoa? Ibara ya kwanza kabisa ya Katiba yetu ya mwaka 1995 inatamka kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Kwa hiyo asubuhi, wakati wa ibada, sentensi ni sahihi: Mheshimiwa anashukuru. Ifikapo alasiri, sentensi imepinduliwa: Mheshimiwa anashukuriwa. Mpokeaji amegeuka mtoaji, na mwenye mali amegeuka ombaomba. Kauli ya kutenda imekuwa kauli ya kutendwa, na hakuna aliyenyoosha mkono kusahihisha.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Madarasa yale niliyoyasifu katika shairi yaliundwa na nani? Mama yenu anaponunua kipande cha sabuni dukani, ndani ya bei mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Baba yenu anapotoa fedha kwenye simu kwa wakala, asilimia 0.5 ya fedha hizo inakwenda serikalini. Hata nyinyi, ambao mnaambiwa kila siku kwamba hamjaanza kulipa kodi, mnailipa kila mnaponunua salio la simu. Madarasa yale ni mali yenu iliyorudi nyumbani baada ya safari ndefu, tena imepungua njiani. Anayeileta mbele yenu na kudai makofi ni tarishi anayetaka aitwe baba.

Hapo ndipo watu hutaka kulainisha mambo kwa maneno matamu. Wanasema, "Hii si hongo, ni ukarimu wa Kiafrika." Hoja hiyo si ngeni, na jirani zetu Watanzania waliipa hata jina: *takrima*. Neno hilo lina undugu na maneno *karimu*, *ukarimu* na *karamu*. Ni neno zuri la mtu anayemheshimu mgeni wake. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa, ikamruhusu mgombea kutoa takrima kwa nia njema. Nini kilifuata? Mlango uliofunguliwa kwa ajili ya chai ulipitisha mengi zaidi ya chai. Watetezi wa haki za binadamu wakaenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ikavibatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilikiuka Katiba: vilimpendelea mgombea mwenye fedha dhidi ya asiye nazo, na vilifungua njia ya rushwa. Neno takrima halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la wale waliolivisha hongo kanzu ya ukarimu na kuliketisha sebuleni.

Hapa Uganda hatuhitaji kusubiri hukumu ya namna hiyo. Sheria yetu ya Uchaguzi wa Wabunge ya mwaka 2005 inaharamisha kumpa mpiga kura fedha au zawadi ili kumshawishi, na inamtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Someni tena maneno hayo mawili ya mwisho. Mpokeaji pia. Bahasha haina upande mmoja.

Najua mtakayojibiwa nyumbani mkisema haya. Mtaambiwa, "Mkono mtupu haulambwi." Mtaambiwa kwamba mna fadhila za punda, ambazo ni mateke. Mtaulizwa: je, mwenye njaa akatae kilo ya sukari kwa sababu ya ibara za Katiba? Swali hili ni zito, nami sitalipuuza. Mwalimu aliyeshiba hana haki ya kumfundisha mwenye njaa adabu ya kukataa chakula. Simlaumu bibi aliyepokea kilo ile. Namlaumu aliyemwacha miaka mitano bila barabara ya kupeleka ndizi zake sokoni, kisha akamjia na sukari, tena akasubiri apigiwe magoti. Na kwa bibi huyo nina neno moja tu, nalo nalisema kwa heshima: sukari ile haidumu mwezi, miaka mitano ni miezi 60, na karatasi ya kura ni ya siri.

Sasa niingie katika Krismasi, maana mambo haya mawili hayatengani. Mwaka huu sikukuu itautangulia uchaguzi mkuu wa tarehe 15 Januari 2026 kwa siku 21. Mwaka 2020 ilikuwa vivyo hivyo: kati ya Krismasi na uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021 kulikuwa na siku 20. Kalenda yenyewe imempa mgombea nafasi. Anajua kwamba katika wiki ya mwisho ya Desemba kila nyumba inahitaji nyama, mchele na sukari. Anajua pia kwamba baada ya sikukuu kila nyumba itakuwa inatafuta ada za shule. Hana haja ya kubisha hodi kwa nguvu.

Na sisi tunamfungulia mlango kwa namna tunavyojiandaa. Pitieni Kikuubo katikati ya Desemba muone: watu wamebanana hata kikapu hakipiti. Soko la Owino limejaa wazazi wanaotafuta nguo za watoto, kwa kuwa mtoto asiyevaa nguo mpya siku hiyo huonekana kama amefiwa. Katika vituo vya mabasi vya Kisenyi na Namayiba nauli inapanda, mara nyingine hata maradufu, na msafiri hana la kufanya, kwa sababu kijijini wanamsubiri mwana wa Kampala aje na mkate, mafuta ya kupikia na habari za mafanikio asiyokuwa nayo. Wengine wanakopa kwenye simu. Wengine wanaweka rehani kadi ya pikipiki kwa mkopeshaji. Tunasherehekea kuzaliwa kwa mtoto aliyelazwa katika hori la ng'ombe kwa kukopa ili tusionekane maskini.

Mtu anayerudi kijijini na deni la namna hiyo hawezi kumwangalia mgombea machoni. Amekwisha kununuliwa na aibu yake kabla ya bahasha kufika. Ndiyo maana nasema kwamba kuiandaa Krismasi vizuri ni jambo la uraia, si la jikoni tu. Kikundi cha akiba kinachoanza mwezi wa Februari kwa shilingi elfu chache kila wiki, kuku wawili waliofugwa nyuma ya nyumba tangu Julai, familia inayokubaliana kwamba nguo za mwaka jana bado ni nguo: hizi ndizo silaha za mpiga kura. Aliyenunua nyama yake mwenyewe hana wa kumpigia magoti.

Wala msidhani nawakataza furaha. Mnajua neno *Ssekukkulu*, ambalo Waganda hulitumia kuitaja Krismasi? Lisemeni polepole, mtasikia ndani yake neno letu *sikukuu*. Kiswahili kilifika Buganda pamoja na misafara ya biashara iliyotoka pwani, kabla ya wamishonari wa Kianglikana kufika mwaka 1877 na wale wa Kikatoliki mwaka 1879, na hadi leo alama zake zimo katika Kiganda. Siku kuu ni siku iliyo kubwa kuliko nyingine. Nawatakia siku iwe kubwa, si bahasha.

Tena hatukuhitaji Plymouth kutufundisha shukrani. Mganda akimkuta mtu analima, anafagia au anabeba tofali, humwambia *gyebale ko*: humshukuru kwa kazi anayoifanya, hata kama si kazi yake yeye. Shukrani hiyo haina hema wala kipaza sauti. Haisubiri Novemba. Inakwenda kwa mfagiaji wa barabara, kwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa mama anayechoma mahindi kando ya njia. Hiyo ndiyo shukrani iliyonyooka kisarufi: anayeshukuriwa ni yule aliyetoa jasho lake.

Basi nawapa kazi tatu za likizo. Ya kwanza: andikeni sentensi tano zenye kitenzi *shukuru*, na katika kila moja mwonyeshe nani alitoa, nani alipewa, na kilichotolewa kilikuwa mali ya nani. Ya pili: mkialikwa kwenye sherehe ya shukrani ya mwanasiasa, nendeni, salimieni wazee, sikilizeni hotuba, kisha mtafute kwa upole jibu la swali aliloniuliza yule mwanafunzi. Ya tatu ni ya wale mliotimiza miaka 18 na kujiandikisha: tarehe 15 Januari nendeni mkapige kura, na mkipenda muwe mmekula nyama ya mtu yeyote, lakini mkono unaotia alama uwe wenu.

Kuhusu lile shairi langu la beti nane: bado ninalo. Nimelichukua na kalamu nyekundu, nikapigia mstari neno "ametujengea", na pembeni nikaandika "tumejijengea". Mizani imebaki ile ile. Nitaliacha hivyo hivyo.

Nawatakia Krismasi njema. Gyebale ko kwa kazi ya mwaka mzima.

Mwalimu wenu wa Kiswahili,
Kampala