Ile Praima ya Njano Tusiibebe Kwenda Nyumbani

Naishi La Rochelle, kusini mwa Joburg. Mtaa huu zamani ulijulikana kwa Wareno, siku hizi unasikia mpaka Kiswahili cha Bukavu. Uani kwetu kuna kaka Mkongo anayepaka rangi fremu za madirisha ya alumini. Anapiga msasa, anafuta kwa thina, halafu anapaka praima ya njano. Mikono mitupu, jamani! Nikasoma kopo: zinki kromati. Nilipomwuliza akacheka, "Mdogo wangu, bila hii rangi inabanduka."

Hajakosea. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba wa oksidi, na rangi haiushiki vizuri. Ndiyo maana viwanda kwa miaka mingi viliichovya kwanza kwenye dawa ya kromati, inayoacha ngozi ya njano inayoshika rangi na kuzuia kutu. Balaa ni kromiamu-sita iliyomo. Vumbi na ukungu wake huleta saratani ya mapafu. IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka kundi la kwanza mwaka 1990. Umoja wa Ulaya nao, tangu Septemba 2017, hauruhusu kiwanda kutumia kromiamu trioksidi bila kibali maalumu.

Mbadala upo: dawa za zirkoniamu na titaniamu, ambazo hazihitaji kuchemshwa na hutoa tope kidogo. Sitawadanganya, zina udhia wake. Hazina rangi, kwa hiyo kwa macho huwezi kujua kama zimeshika, na zinadai maji safi sana ya kusuuzia. Fundi wa uani atayapata wapi? Lakini praima ya fosfati ya zinki, isiyo na kromati, anaweza kuinunua.

Sasa Dar, Nairobi na Kampala madirisha ya alumini yamejaa kila ghorofa. Mimi nasema TBS, KEBS na UNBS wadai kopo liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kama lina kromati. Na sisi tunaosoma kemia huku, mbona tesisi zetu ni za satelaiti tu? (Hata yangu, nakiri.)

Juzi nilimpelekea yule kaka glavu. Alizivaa siku moja. Jana nimezikuta zimening'inia kwenye kamba ya nguo, na bado tunabishana.