Moshi wa Lami na Mapafu ya Kibarua



Wapendwa waamini, sisi wa Nachingwea na Ruangwa tunaijua thamani ya lami. Kwa miaka mingi mvua zimewakwamisha wagonjwa, korosho na ufuta njiani. Ndiyo maana ujenzi wa barabara ya lami kutoka Nanganga hadi Ruangwa tuliupokea kwa shukrani. Lakini shukrani isitufumbe macho tusimwone aijengaye.

Lami moto humwagwa ikiwa na joto la takribani nyuzi 150. Mvuke wake huwasha macho, hukereketa koo, huleta kikohozi na maumivu ya kichwa. Hapo hapo kuna vumbi la kokoto na moshi wa mitambo ya dizeli. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani. Moshi wa lami ya barabarani limeuweka katika kundi la vitu vinavyoshukiwa. Kitambaa kifungwacho puani hupunguza vumbi, bali mvuke hakiuzuii.

Kwa maoni yangu, ubaya mkubwa ni kwamba kibarua huondoka kabla ugonjwa haujafika. Huajiriwa miezi michache, barabara ikasonga mbele, naye akarudi shambani. Maradhi ya mapafu yaweza kujitokeza baada ya miaka mingi, mkandarasi amekwisha kuhama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamdai mwajiri vifaa vya kinga na upimaji wa afya. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hufidia maradhi yatokanayo na kazi. Lakini asiye na mkataba wala majibu ya vipimo atathibitisha nini?

Najua, mwenye njaa haogopi moshi, na peke yake hawezi kudai. Basi tudai pamoja naye. Viongozi wa vijiji, mkandarasi ajapo kutafuta vibarua, mwulizeni kwanza juu ya mikataba, na vipimo vya kuanza na kumaliza kazi. Nanyi vijana, zitunzeni karatasi hizo kama mtunzavyo vyeti vya ubatizo.

Tangu waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891, Kanisa hufundisha kwamba mfanyakazi si chombo. Ujira wa siku hununua jasho la siku. Haununui mapafu ya mtu.

Mungu awabariki.